Ubeti wa Kunong'onezwa: Habari za Uzi wa Upanayana

Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa habari za mizani nane. Ndiyo mizani ya mshororo wa utenzi, na ndiyo nusu ya mshororo wa shairi la mizani 16; sikio lililolelewa pwani huitambua kabla akili haijaanza kuhesabu. Ng'ambo ya bahari yetu, huko Bara Hindi, hesabu hiyohiyo ilipewa kazi ambayo malenga wetu hawakuwahi kuipa: ilitumika kupimia umri wa mtoto.

Vitabu vya kale vya sheria za Kihindu, na cha Manu kikiwa mashuhuri kuliko vyote, vinaagiza kwamba mtoto wa Kibrahmini apelekwe kwa mwalimu katika mwaka wake wa nane, ukihesabiwa tangu kutungwa mimba. Mtoto wa Kikshatriya, yaani wa tabaka la wafalme na askari, apelekwe mwaka wa 11, na wa Kivaishya, tabaka la wakulima na wafanya biashara, mwaka wa 12. Msomaji atadhani wazee hao walichunguza watoto wakaona huyu hukomaa mapema na yule huchelewa. Sivyo. Bahari kuu tatu za ushairi wa Veda ni gayatri, trishtubh na jagati. Mshororo wa gayatri una mizani nane, wa trishtubh 11, wa jagati 12. Gayatri ilihesabiwa kuwa bahari ya Wabrahmini, trishtubh ya Wakshatriya, jagati ya Wavaishya. Na ukomo wa umri, ambao kijana akiupita bila kupelekwa huhesabiwa aliyeanguka nje ya jamii, ni miaka 16, 22 na 24, yaani kila idadi ikizidishwa mara mbili. Watunga sheria walitazama arudhi kwanza, ndipo wakamtazama mtoto.

Ada hiyo inaitwa upanayana. Jina lenyewe ni la Kisanskriti na maana yake ni kusogeza karibu: mtoto husogezwa kwa mwalimu ili aanze kusoma Veda. Watu wa nje huijua zaidi kwa uzi wa pamba anaovikwa mtoto begani, na hata wenyewe katika lugha zao nyingi wameuacha uzi ubebe jina la ada nzima. Wagujarati husema janoi. Lakini uzi ulikuja baadaye na ni sehemu ndogo ya jambo. Kinachokabidhiwa siku hiyo ni ubeti mmoja wa shairi, na ubeti huo hukabidhiwa kwa kunong'onezwa sikioni. Habari za upanayana katika miaka elfu tatu hivi ni habari za sikio: nani asikie, na nani azibwe.

Athari ya kale kabisa iliyobaki imo katika Atharvaveda, kwenye utenzi unaomsifu mwanafunzi. Humo inasemwa kwamba mwalimu anapompokea mwanafunzi humchukua tumboni kama mimba, akakaa naye siku tatu usiku, kisha akamzaa, na miungu ikaja kumtazama. Ndipo lilipotoka jina la dvija, aliyezaliwa mara mbili. Kuzaliwa kwa kwanza ni kwa mama, na kwa pili ni kwa mwalimu na ubeti. Kitabu cha Shatapatha Brahmana kinaongeza kwamba hapo zamani mwalimu hakuutoa ubeti siku ileile. Alimweka mwanafunzi mwaka mzima kwanza, kwa hoja kwamba mimba nayo hukaa muda kabla ya kuzaliwa. Wengine wakaona miezi sita inatosha. Wengine siku 24, wengine 12, sita, tatu. Hatimaye kitabu kinaruhusu mtoto wa Kibrahmini apewe hapohapo. Nasi tunaodhani kwamba haraka ni ugonjwa wa zama zetu, tuone jinsi mwaka ulivyopunguzwa ukawa saa moja, karne nyingi kabla ya saa kubuniwa.

Vitabu viitwavyo Grihyasutra, vilivyotungwa katika karne za katikati na za mwisho za milenia ya kwanza kabla ya Kristo, vimeiandika siku yenyewe kwa utulivu mkubwa. Mtoto hula chakula cha mwisho na mama yake. Hunyolewa, huogeshwa, huvikwa nguo mpya na ngozi ya mnyama. Hufungwa mshipi kiunoni: wa Mbrahmini ni wa nyasi za munja, wa Mkshatriya ni upote wa upinde, wa Mvaishya umesokotwa kwa sufu. Hupandishwa juu ya jiwe ili awe thabiti kama lilivyo. Mwalimu humwuliza jina lake, humshika mkono, humgusa kifuani kwenye moyo na kuomba nyoyo zao ziende pamoja. Hupewa fimbo, nayo ina kipimo chake, ikifika nyweleni kwa mmoja, kwenye paji la uso kwa mwingine, puani kwa wa tatu. Hufundishwa kuutunza moto wa mwalimu kwa kuni, na katika hadithi nyingi za Upanishadi mtu anayetaka elimu hujitokeza na kuni mkononi. Ndiyo barua yake ya maombi.

Kisha mtoto hutoka kwenda kuomba chakula, kwani tangu hapo atakula kwa kuomba. Huanza kwa mtu asiyeweza kumnyima, na kwa kawaida huyo ni mama yake, yule yule aliyekula naye asubuhi. Sentensi ya kuombea ina maneno matatu tu, na moja kati ya hayo ni neno la heshima la kumwitia mwanamke. Mbrahmini huliweka neno la heshima mwanzo, Mkshatriya katikati, Mvaishya mwisho. Mama aliye ndani ya nyumba, bila kuchungulia, angelijua kwa mpangilio wa maneno ni mtoto wa nani anayeomba mlangoni. Sijui ada nyingine iliyoikabidhi sarufi kazi nzito kama hiyo.

Baina ya hayo yote ndipo ubeti unapotolewa. Mtoto huketi akimwelekea mwalimu, ambaye siku hizi mara nyingi ni baba yake mzazi, na katika jamaa nyingi hufunikwa wote wawili kwa shuka moja. Mwalimu hutamka mshororo wa kwanza, mtoto akaufuatisha. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Halafu nusu ya ubeti, halafu ubeti mzima kwa pumzi moja. Mwalimu yeyote wa chuo wa pwani angeitambua njia hiyo, kwani ndiyo njia ya kumfundisha mtoto kitu ambacho hakitakiwi kupotea hata herufi.

Ubeti wenyewe umo katika Rigveda, kitabu cha tatu, utenzi wa 62, nao ni ubeti wa kumi. Unaitwa Savitri kwa kuwa unamhusu Savitar, mungu wa jua lichocheapo viumbe, na unaitwa Gayatri kwa jina la bahari yake. Unautafakari mwanga wa mungu huyo na kutaka uchochee fikra za wanaousoma. Ni hayo tu. Haumo ndani yake ombi la mali, wala la ng'ombe, wala la ushindi vitani, mambo ambayo Rigveda imejaa. Mapokeo yanamnasibisha mtunzi na Vishvamitra, na hapa pana kejeli isiyotajwa mara nyingi: Vishvamitra, kwa masimulizi ya Wahindu wenyewe, alizaliwa Mkshatriya na mfalme, akajipandisha cheo kwa ibada kali hadi Wabrahmini wakamkubali. Ubeti ambao Wabrahmini waliulinda kuliko wote ulitoka kinywani mwa mtu aliyezaliwa nje ya mlango wao.

Wapenzi wa mizani watafurahishwa na jambo jingine. Gayatri inadai mishororo mitatu ya mizani nane, jumla 24. Haina vina kama tuvijuavyo sisi. Mwendo wake unategemea wingi wa silabi, na urefu na ufupi wao karibu na mwisho wa mshororo. Lakini ukiuhesabu mshororo wa kwanza wa Savitri kama unavyosomwa, unapata mizani saba. Ubeti mtukufu kuliko beti zote za Wahindu umepungukiwa na mizani moja! Wataalamu wana jibu, nalo ni la kweli: neno varenyam, lenye silabi tatu kwa matamshi ya baadaye, lilitamkwa na mtunzi kwa silabi nne, vareniyam, na lugha ilipobadilika silabi ikamezwa. Wasomaji hawakuthubutu kulirekebisha neno ili lifae mizani. Waliupokea ubeti na upungufu wake wakaupitisha hivyohivyo, nao wakaendelea kusema kuwa una mizani 24. Uaminifu wa namna hiyo kwa kilichosikika ndio unaotuwezesha leo kusikia, ndani ya neno moja, jinsi watu walivyosema zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita.

Uaminifu huo haukuja wenyewe. Rigveda ina tenzi 1,028, na kwa karne nyingi ilikaa vifuani tu. Mwanafunzi aliyepewa Savitri alitarajiwa kubaki kwa mwalimu miaka 12 kwa kila Veda. Manu anataja miaka 36 kwa Veda tatu, akiruhusu nusu yake au robo. Ili pasipotee neno, walimu walibuni namna za kusoma zinazochanganya maneno kwa utaratibu. Ikiwa maneno ni la kwanza, la pili, la tatu, basi husomwa la kwanza na la pili, la pili na la tatu, na kuendelea; katika namna ngumu zaidi husomwa mbele, kinyume, kisha mbele tena, kama mtu anayesuka ukili. Neno likiruka, msuko wote huonyesha pengo. Mwaka 2003 Shirika la UNESCO liliutangaza usomaji huo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa mapokeo ya mdomo wa wanadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika.

Uzi, kwa upande wake, una historia ya kinguonguo. Katika vitabu vya zamani neno yajnopavita linahusu namna ya kuivaa nguo ya juu wakati wa ibada: ipite juu ya bega la kushoto na chini ya mkono wa kulia. Kwa ibada za wahenga waliokufa hugeuzwa, ikapita bega la kulia. Baadaye palipokosekana nguo, uzi ulitosha. Na baadaye tena uzi ukawa ndio desturi, wa nyuzi tatu zilizosokotwa, usiovuliwa. Kilichoonekana kwa macho kikashinda kilichosikika kwa sikio, na uzi wa pamba ukawa cheti cha tabaka. Kutoka hapo habari zetu zinakuwa nzito.

Maana vitabu vinavyoeleza mtoto afungwe mshipi gani, vinaeleza pia nani asifungwe kabisa. Tabaka la nne, Washudra, halikutajiwa umri wala bahari ya ushairi. Waliohesabiwa chini ya matabaka yote hawakutajwa hata kwa kukatazwa. Kitabu cha sheria cha Gautama kinasema Mshudra anayesikiliza Veda kwa makusudi amiminiwe masikioni bati na lakiri iliyoyeyushwa, na akiisoma akatwe ulimi. Kitabu cha sheria huonyesha matakwa ya aliyekiandika, na si lazima kionyeshe yaliyotendeka. Hata hivyo tuangalie adhabu ilipoelekezwa. Haikuelekezwa mkononi wala shingoni. Ilielekezwa sikioni.

Na bado mapokeo hayohayo yamehifadhi hadithi inayoyahukumu. Chandogya Upanishadi inasimulia habari za kijana Satyakama aliyetaka kusoma. Akamwuliza mama yake, Jabala, ukoo wake ni upi, kwa kuwa mwalimu atauliza. Mama akamjibu kwamba alikuwa mtumishi wa nyumba nyingi ujanani mwake na hamjui baba wa mtoto; basi mtoto ajiite kwa jina la mama. Kijana akaenda akamwambia mwalimu Haridrumata Gautama maneno hayo yote bila kuficha. Mwalimu akasema kuwa asiye Mbrahmini hawezi kusema kweli kama hiyo, akamtaka alete kuni ampokee, kisha akamkabidhi ng'ombe mia nne waliokonda awachunge. Mtu akiisoma leo huona mlango uliofunguliwa kwa ufunguo wa ukweli. Wafasiri wa Vedanta wa karne za baadaye waliisoma kwa namna nyingine: kwamba mwalimu hakumpokea mpaka alipohakikisha kuwa si Mshudra, na kwa hiyo hadithi ni hoja ya kuwafungia Washudra. Hadithi ni moja, ufunguo ni mmoja. Wengine waliugeuza kulia na wengine kushoto.

Wanawake nao walitengwa, ingawa Rigveda yenyewe inanasibisha baadhi ya tenzi zake na wanawake, kama Ghosha, Apala na Lopamudra, na Upanishadi inamtaja Gargi akimbana kwa maswali mwanachuoni mkubwa mbele ya hadhara. Maneno ya mwanasheria Harita, yaliyonukuliwa na waandishi waliomfuata, yanataja wanawake wa namna mbili, mmoja wao akiwa yule anayefanyiwa upanayana na kusoma Veda. Manu akaufunga mjadala kwa kusema kuwa kwa mwanamke ndoa ndiyo upanayana, na kumtumikia mume ndiko kukaa kwa mwalimu. Haikuwa lazima mambo yaende hivyo. Waparsi, ambao dini yao ina asili moja ya kale na ya Wahindu, nao humvika mtoto mshipi mtakatifu wa nyuzi 72 kiunoni, na humvika msichana sawa na mvulana. Unguja ilikuwa na jamaa zao na hekalu lao. Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa hapa mwaka 1946 kwa wazazi wa dini hiyo.

Waliokataliwa ubeti walifanya nini? Baadhi yao, na hao ndio wanaotuhusu sana sisi wapenzi wa fasihi, walitunga zao. Katika karne ya 12, kusini mwa India, alitokea Basava, mtoto wa Kibrahmini ambaye inasimuliwa kwamba aliukataa uzi alipotambua kuwa dada yake hawezi kuupata. Yeye na wenzake, wanaume kwa wanawake, washona viatu, wafuaji na wasukuma mitumbwi, walitunga kwa lugha ya Kikannada maneno mafupi yasiyofuata arudhi ya Kisanskriti, yakaitwa vachana, maana yake yaliyosemwa. Kaskazini, mwishoni mwa karne ya 15, Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na akawa mwalimu wa kwanza wa Masingasinga, inasimuliwa kuwa alikataa kuvikwa uzi akiwa mtoto, akidai apewe ule usiochakaa wala kuungua.

Habari za Jnaneshwar zinagusa zaidi. Baba yake alikuwa Mbrahmini wa nchi ya Maratha aliyeiacha dunia akawa mtawa, kisha akaamriwa na mwalimu wake arudi kwa mkewe. Watoto wanne waliozaliwa baada ya hapo, watatu wavulana na mmoja msichana, Muktabai, walitengwa na jamii, na wavulana wakanyimwa uzi. Mapokeo yanasema wazazi walijitosa mtoni kuwatakasa wanao, na watoto wakaenda mji wa Paithan, ngome ya wanasheria wa Kibrahmini, kuomba cheti cha kusafishwa. Huko, alipodhihakiwa, Jnaneshwar akaweka mkono juu ya kichwa cha nyati, na nyati akaanza kusoma Veda. Hadithi ya nyati tuiache ilivyo. Anayetaka kuelewa atajua ni nani waliokusudiwa. Jambo lisilo na shaka ni kwamba mwaka 1290, akiwa kijana mdogo, alimaliza kuifasiri Bhagavad Gita kwa Kimarathi, beti za Gita 700 zikawa beti zake 9,000 hivi. Bahari aliyoitumia haikuwa gayatri wala trishtubh. Ilikuwa ovi, bahari ya nyimbo ambazo wanawake wa nchi ile waliziimba alfajiri wakisaga nafaka. Msomaji wa pwani anayejua jinsi wanazuoni wa Pate na Lamu walivyoichukua elimu ya Kiarabu wakaitia katika tenzi, hatashangaa kwamba elimu ilitafuta sikio la wanawake wasagao. Tofauti ni kwamba wanazuoni wetu walikuwa wamesoma chuoni kwa ridhaa, na Jnaneshwar alikuwa amefungiwa mlango.

Mlango ule haukufungwa kwa maskini peke yao. Karne nne baadaye ulimzuia mfalme. Shivaji, aliyezaliwa mwaka 1630 na akaupinga utawala wa Wamughali hadi akajenga dola ya Wamaratha, alitaka kutawazwa kwa ibada za Veda. Wabrahmini wa nchi yake wakasema yeye si Mkshatriya, ni Mshudra, na asiye na uzi hatawazwi. Hazina, ngome na jeshi havikufaa kitu mbele ya kamba ya pamba. Ikabidi aitwe kutoka Banaras mwanasheria mkubwa Gaga Bhatt, ambaye asili ya ukoo wake, kwa ajabu ya mambo, ni Paithan ileile. Gaga Bhatt akakubali nasaba iliyounganisha ukoo wa Shivaji na wafalme wa Mewar. Mwishoni mwa Mei 1674 mfalme akafanya toba ya kuchelewa, akavikwa uzi akiwa na umri wa miaka 44, mara mbili ya ukomo wa Mkshatriya, akawaoa upya wake zake kwa ibada za Veda, na tarehe 6 Juni akatawazwa huko Raigad. Imeandikwa kwamba alipotaka beti za Veda zisomwe akizisikia yeye mwenyewe, Wabrahmini waliokusanyika walichachamaa. Uzi wangeweza kumpa. Ubeti waliuonea uchungu.

Mwaka 1899 jambo hilo lilimrudia mrithi wa ukoo wake, Shahu, mtawala wa Kolhapur. Alikuwa akioga asubuhi katika mto Panchganga, siku za mwezi mtukufu wa Kartik, akagundua kwamba kuhani anamsomea beti za Purana, wanazosomewa Washudra, na si za Veda. Kuhani alipoulizwa hakuona haya kueleza sababu. Ugomvi uliofuata uliigawa nchi nzima ya Maratha, B. G. Tilak, mpigania uhuru mashuhuri na mhariri wa gazeti la Kesari, alisimama upande wa makuhani. Shahu akazitwaa ardhi za kuhani wake, na tarehe 26 Julai 1902 akatoa amri kwamba nusu ya nafasi zitakazokuwa wazi serikalini mwake wapewe watu wa jamii zilizoachwa nyuma. Sikatai kwamba amri ile ilikuwa na sababu nyingine nyingi, lakini asubuhi ile ya mtoni ilikuwamo. Mtu aliyekuwa na kiti cha enzi aliambiwa kuwa sikio lake halifai, akawafikiria wasio na kiti.

Mmoja wa waliosaidiwa na Shahu kwa fedha alikuwa B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Mahar, iliyohesabiwa najisi. Skulini Ambedkar alitaka kusoma Kisanskriti, lugha ya ubeti, akazuiwa, akasoma Kifarsi. Kisanskriti alijifunza baadaye kwa juhudi zake. Tarehe 25 Desemba 1927, mjini Mahad, yeye na wafuasi wake walikitia moto kitabu cha Manu hadharani. Mwaka 1946, karibu na siku ambazo angeongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, alitoa kitabu kuhusu asili ya Washudra. Hoja yake ni kwamba Washudra hapo mwanzo walikuwa Wakshatriya, waliogombana na Wabrahmini, na Wabrahmini wakalipiza kwa kukataa kuwafanyia upanayana. Kwa kunyimwa ada hiyo kizazi baada ya kizazi, wakazama wakawa tabaka la nne. Kisa cha Shivaji ni mmoja wa mashahidi wake. Wanahistoria wengi hawakuikubali nasaba hiyo ya Washudra, nami naona ushahidi wake wa kale ni mwembamba. Lakini aliona jambo ambalo waliosifu uzuri wa ada hawakuliona: kwamba upanayana haikuthibitisha tu tabaka lililokuwapo, ilikuwa na nguvu ya kulitengeneza. Anayeshika ufunguo wa darasa la kwanza ameshika cheo cha mtu maisha yake yote.

Wakati mabishano hayo yanaendelea, siri yenyewe ilikuwa imekwisha kutoka. Kati ya mwaka 1849 na 1874 Max Müller, Mjerumani aliyekaa Oxford na ambaye hakukanyaga India maishani mwake, aliichapa Rigveda nzima katika majalada sita, na gharama zilianza kulipwa na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Kilichozuiwa kwa bati la moto kikawa kinauzwa dukani. Mwaka 1875, mjini Bombay, Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj. Alikuwa Mbrahmini wa Gujarat, aliyevikwa uzi na kufundishwa Gayatri katika mwaka wake wa nane kama sheria inavyotaka, na sasa akahubiri kwamba Veda ni ya kila mtu, mwanamume na mwanamke, wa tabaka lolote. Jumuiya yake ilivivika uzi vijana ambao babu zao wasingethubutu kuugusa, na wasichana pia. Ilivuka bahari pamoja na wahamiaji. Nairobi ilipata tawi mwaka 1903, na Unguja nayo ikawa na lake. Wengi wa Wahindu wa visiwani walikuwa wafanya biashara wa Kibhatia na Kilohana waliotoka Kachchh na Kathiawar, na Gujarat aliyotoka Dayananda ndiyo iliyokuwa nchi ya barua zao.

Leo, kwa jamaa nyingi, miaka 12 ya masomo imekuwa asubuhi moja. Ada ya kumaliza masomo, ambayo zamani ilimrudisha kijana nyumbani akiwa mtu mzima, hufanywa siku ileile au hupachikwa kwenye harusi. Wapo wanaovikwa uzi usiku wa kuamkia ndoa, ili ndoa isikose sharti. Ubeti wa kunong'onezwa chini ya shuka unaimbwa na wanawake katika kanda na sahani za santuri, unalia kwenye simu za mikononi. Pune, mji wa Kimaratha ambamo Tilak alihariri gazeti lake, umekuwa tangu robo ya mwisho ya karne ya 20 na wanawake waliofundishwa ukuhani, wanaosoma Veda kwenye harusi na mazishi. Zipo pia jamaa chache zinazompeleka mtoto akae kwa mwalimu miaka mingi kama zamani, akisuka maneno mbele na nyuma.

Uzi hubadilishwa kila mwaka, na kwa wengi siku hiyo ni mwezi mpevu wa Shravana, Julai au Agosti. Siku hiyohiyo katika pwani ya Maharashtra wavuvi wa Kikoli huitupia bahari nazi, kwa kuwa ukali wa kusi unapungua na vyombo vinaanza tena kutoka. Kesho yake, kusini mwa India, Wabrahmini waliobadilisha uzi huketi alfajiri na kuisoma Savitri mara 1,008. Kwa hesabu ya mtunzi, hiyo ni mizani 24,192. Kwa matamshi ya wengi wao, ni 23,184.